Nani Kamwita Huyu Mnyama? Dalili na Visababishi kwenye Uwanja wa Shule

Nimefundisha shule za msingi wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, miaka kumi na saba, mingi kati yake nikiwa mwalimu wa afya. Huyo ndiye mwalimu ambaye kikitokea chochote chenye manyoya, magamba au mbawa, watoto humkimbilia. "Mwalimu, nyoka!" "Mwalimu, mbwa!" Miaka ya mwanzo nilikuwa natoka mbio na fimbo. Siku hizi nauliza kwanza: kafuata nini? Mnyama haji shuleni kusoma. Kafuata chakula, maji au mahali pa kujificha, au sisi ndio tuliojenga juu ya njia yake. Ukimfukuza ukaacha kilichomwita, kesho utamfukuza tena, yeye au ndugu yake.

Kabla ya kununua waya au sumu, mpe askari wa geti daftari. Aandike saa, mnyama gani, alikuwa wapi na alikuwa anafanya nini. Wiki mbili zinatosha. Daftari letu lilionyesha kwamba mbwa huongezeka Jumanne na Alhamisi. Tulikuwa tumelaumu soko, kumbe ni siku ambazo jikoni hupikwa dagaa.

Mbwa wanaingia baada ya chakula cha mchana

Anza nyuma ya jiko. Wapishi wakikwangua sufuria za posho, yaani ugali, ukoko huenda wapi? Kama unamwagwa kwenye nyasi pamoja na maji ya kuoshea, umekwisha kupata jibu. Tafuta pipa lenye mfuniko mzito, na upange na mfugaji wa nguruwe wa jirani aje kulibeba kila jioni. Atakuja bila kudai senti. Ila aje na chombo chake na nguruwe wabaki kwake, kwa sababu nitakayoieleza nikifika kwenye funza.

Kama jiko ni safi na mbwa bado wanakuja, chunguza kama ni wa wanafunzi wenyewe. Tulihangaika muhula mzima na mbwa mmoja mwekundu mwenye kovu sikioni. Siku moja kwenye paredi nikauliza, "Huyu ni wa nani?" Kimya. Kisha mkono mdogo wa darasa la pili ukainuka taratibu. "Wetu, mwalimu. Ananisindikiza." Mbwa huyo hakuhitaji mawe. Tulichohitaji ni mzazi aitwe, amfunge asubuhi, na atuonyeshe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kadi haikuwepo. Mbwa alichanjwa wiki iliyofuata, afisa mifugo alipofika kwenye kata, na wengine tisa wa kijiji wakachanjwa siku hiyo hiyo.

Kisababishi cha tatu watu hukisahau: jike amezaa chini ya stoo au kwenye choo cha zamani. Dalili yake ni mbwa mmoja tu, anayenguruma mahali pale pale kila siku. Zuieni watoto wasiende kuchukua vijibwa. Weka kizuizi, mwite mwenye mbwa awahamishe wote na mama yao.

Kuna dalili nyingine ambayo haina mjadala. Mbwa aliyekuwa mpole ghafla anauma vitu ovyo, hata kuni. Anayumba, taya limelegea, udenda unamtoka, sauti imebadilika. Au mbwa wa mbali msiyemjua anaingia mchana kweupe bila kuogopa watu. Hapo watoto wote ndani, milango ifungwe, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na afisa mifugo wapigiwe simu. Msimpige mawe, maana atageukia aliye karibu. Na ikibidi auawe na watu wanaojua kazi hiyo, kichwa kisipondwe, kwa sababu kipimo cha maabara hufanywa kwenye ubongo.

Mtoto ameng'atwa au amekwaruzwa

Sehemu hii ibandikeni kwenye mlango wa ofisi.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Zitazame kwenye saa, kwa sababu dakika 15 za mtoto anayelia ni ndefu kuliko unavyodhani, na kila mwalimu niliyemwona akikadiria kwa kichwa aliishia dakika tatu. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine jerikani polepole na mwingine asugue kwa povu. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majani wala dawa ya meno. Usifunge kwa kubana.

Kisha mtoto aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama alama ni mkwaruzo tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa haipo kila kituo, kwa hiyo piga simu kwanza kabla ya kumpakia mtoto kwenye boda boda kwenda mahali patakapomrudisha. Sindano si moja. Zina tarehe zake, na mwalimu wa afya aziandike kwenye kalenda yake mwenyewe, kwa sababu mzazi akiona kidonda kimepona huacha. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kama mbwa anajulikana na anaonekana mzima, afungwe na atazamwe siku 10. Lakini mtoto asisubiri siku hizo ndipo aanze chanjo.

Tatizo kubwa kuliko mbwa mwenyewe ni ukimya. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 40 ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto huficha mkwaruzo akiogopa kuchapwa kwa kosa la kumchokoza mbwa, au akijua nyumbani hakuna nauli. Mimi niliwaambia wanafunzi wangu mbele ya walimu wote: anayekuja kusema ameng'atwa hachapwi, hata kama alimvuta mbwa mkia. Mwezi ule walikuja wanne. Sidhani kama mbwa waliongezeka.

Nyoka wanaonekana mahali pale pale

Asubuhi moja askari wetu, mzee aliyekuwa jeshini, aliniita stoo. Nyoka alikuwa amelala amekufa, kichwa kimepasuka.

"Mwalimu, huyu ni wa tatu mwezi huu."

"Wote hapa?"

"Hapa hapa mlangoni. Watu wanasema kuna mkono wa mtu."

Niliinama. Chini ya mlango mwanga ulikuwa unapita, nafasi ya vidole viwili. Mstari mwembamba wa punje za mahindi ulitoka mlangoni hadi kwenye lundo la matofali, na kando ya matofali kulikuwa na vinyesi vya panya kama mbegu nyeusi. Mkono wa mtu ulikuwepo kweli: ni mkono wa aliyekuwa akiburuta gunia lililotoboka. Mahindi yaliita panya, panya wakaita nyoka, na matofali yakawapa wote nyumba ya kupanga.

Tulifanya mambo manne. Magunia yakapandishwa juu ya vichanja na kusogezwa mbali na ukuta ili mtu apite nyuma yake na ufagio. Bati likapigiliwa chini ya mlango. Matofali yakahamishwa. Nyasi zikafyekwa pande zote za stoo, na kila tawi lililogusa paa likakatwa. Sumu ya panya sikuitaka. Panya aliyekula sumu hufia kwenye unga, na paka aliyemla hufia darasani. Matairi tuliwahi kuyachoma, maana kila kijiji kina mtu anayeapa kwamba nyoka hukimbia moshi wake. Tuliokimbia ni sisi.

Kama nyoka wanaonekana bwenini na si stoo, angalia vyakula kwenye masanduku ya wanafunzi, nyufa za ukuta, na watoto wanaolala chini. Kitanda na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro vinafanya kazi zaidi ya ile ya mbu. Kama wanaonekana njiani kwenda chooni usiku, tatizo ni taa na viatu. Kifutu hakimbii. Hulala kimya njiani akitegemea rangi yake, na huuma anapokanyagwa. Swila yeye hutema mate ya sumu kuelekea machoni.

Msiwafundishe watoto kutofautisha nyoka mwenye sumu na asiye nayo. Wafundisheni kusimama, kurudi nyuma na kumwita mtu mzima.

Akiumwa: mlaze, mtulize, kiungo kisitikiswe. Vua bangili, pete na viatu kabla uvimbe haujaja. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usiweke jiwe jeusi. Kwenye boda boda akae katikati, dereva mbele na mtu mzima nyuma amshikilie, na mguu ulioumwa ufungwe kwenye ubao ili usining'inie ukicheza. Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji mengi safi dakika 15 hadi 20, kisha hospitali. Si maziwa, na si mkojo, ingawa nimeona mtu akianza kufungua zipu kwa nia njema kabisa.

Watoto wanasinzia darasani, au viti vinabaki vitupu wakati mahindi yanakomaa

Hii haionekani kama tatizo la wanyama, na ndiyo sababu walimu wengi huichapa kwa fimbo. Kwa sisi tulio kando ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, mtoto anayesinzia saa nne asubuhi huenda alikesha shambani na baba yake wakipiga mabati kuwafukuza tembo. Mchana zamu ni ya nyani, na nyani hulindwa na watoto kwa sababu watu wazima wana kazi nyingine. Linganisha daftari la mahudhurio na msimu wa mavuno, utaona.

Kwa upande wa shule, hatari halisi ni njia na saa. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi masomo ya ziada hukutana na tembo wanaorudi hifadhini na viboko wanaorudi majini. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na asubuhi akimkuta mtu amesimama kati yake na ziwa, hamzunguki. Fungueni shule kukiwa kumekucha. Najua wazazi wanataka masomo ya alfajiri kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba. Nimegombana nao kwa hili na nitaendelea kugombana. Watoto watembee kwa makundi na mtu mzima mmoja, na njia ibadilishwe pale nyayo mpya zinapoonekana.

Halafu kuna mtego ambao nimeuona kwenye shule za karibu na maji. Mnafyeka uwanja vizuri kwa sababu ya nyoka, na nyasi fupi changa ndizo kiboko anazozipenda. Ngiri naye hupiga magoti hapo hapo. Uwanja uliofyekwa ni sahani iliyooshwa. Hapo hamwezi kushinda kwa fyekeo: fyekeni kuzunguka majengo na njia tu, na eneo linalotazama ziwa liwekewe uzio au mtaro. Kwa hilo, na kwa tembo, kazungumzeni na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kupitia LC. Msichimbe mitego wenyewe. Mnyama aliyejeruhiwa ni mbaya kuliko mzima, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 haina mzaha.

Nyani jikoni, kaloli kwenye paa

Kisababishi ni kimoja: mabaki. Kaloli, yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni, ni kipimo cha jalala lako. Wakizidi watano, shimo la taka halifunikwi. Nyani huhitaji zaidi ya mfuniko, kwa sababu ana vidole. Madirisha ya jiko yawekwe wavu, na mandazi yasiuzwe nje ya geti kwenye beseni wazi. Mtoto aliyenyang'anywa aache. Asivutane, asitabasamu akionyesha meno, asikimbie. Na mwalimu anayemrushia nyani ganda la ndizi ili apige picha amewafundisha nyani kwamba watu wana ndizi. Watakaolipa ni darasa la kwanza.

Nyuki wameshambulia

Kundi la nyuki likining'inia kwenye mwembe kama shanga zilizokusanyika, mara nyingi liko safarini. Funga eneo, subiri siku moja au mbili, litaondoka. Likiingia kwenye dari au shina lenye tundu limehamia, na hapo mwite mfuga nyuki aje jioni, watoto wakiwa wameondoka.

Lakini nyuki waliotulia miaka mitatu wakichachamaa siku moja, tafuta kilichobadilika. Kwetu ilikuwa mpira. Mvulana aliupiga ukagonga mti, nyuki mmoja akamuuma, akamponda shingoni kwa kiganja. Nyuki akiuma hutoa harufu inayowaita wenzake mahali hapo hapo, na harufu hiyo inafanana na ndizi mbivu. Niliinusa mwenyewe kwenye shati la yule mtoto, na kwa sekunde moja nilidhani alikuwa ameficha ndizi mfukoni. Kwa hiyo asiponde wala asipige mikono hewani. Akimbie moja kwa moja, nguo ikiwa imefunika uso, aingie ndani ya jengo na mlango ufungwe. Asirukie majini. Miiba ikwanguliwe haraka kwa ukucha au kadi. Mtoto anayevimba midomo, anayekohoa kwa shida au aliyeumwa mara nyingi ni wa hospitali, sasa hivi.

Sababu nyingine za ghafla ni moshi wa kuchoma taka chini ya mti, mashine ya kukata nyasi, na manukato makali. Na siku hizi ipo mizinga inayotundikwa kwenye uzio wa mashamba kuzuia tembo. Ni mbinu nzuri, ila isiwe kando ya njia ya watoto. Mimi hudai mita 300 kutoka shuleni, na wakulima hunipa 200 tukishazozana.

Dari linanuka, jioni kunasikika milio

Popo. Wale wadogo wa kwenye mabati hula wadudu na si wale wa mapangoni, lakini kinyesi chao hakifai kukaa juu ya vichwa vya watoto. Simama nje magharibi uone wanatokea wapi, kisha ziba matundu usiku wakiwa wametoka, isipokuwa kama kuna vichanga ndani, hapo subiri wakue. Kinyesi kilowanishwe kabla ya kufagiwa, anayefagia afunike pua na mdomo. Popo aliye chini asishikwe, na mtoto aliyeumwa na popo afanyiwe kama aliyeng'atwa na mbwa, kwa maelezo yale ya mlango wa ofisi.

Safari za kusoma zisiingie mapangoni. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa homa ya Marburg, ambayo virusi vyake hubebwa na popo wa mapangoni, baada ya kutembelea pango la popo kwenye msitu wa Maramagambo, ambao kutoka kwetu si mbali.

Ng'ombe uwanjani, na mzoga kando ya uzio

Ng'ombe wa jirani hufuata nyasi na bomba linalovuja. Mara nyingi mpaka wa shule haueleweki, na babu wa mchungaji alichunga hapo kabla ya shule kuwepo. Ukimkemea kijana wa miaka kumi na mbili hujatatua kitu. Nenda kwa mzee wake, ukae, unywe chai, mkubaliane saa: kwa mfano baada ya wanafunzi kuondoka, na dume asije kabisa. Shule moja niliyofundisha ilishindwa makubaliano hayo kwa sababu mbuzi waliokuwa wakila miche yetu ya miembe walikuwa wa mwalimu mkuu. Hapo kisababishi kilikuwa kinajulikana na kila mtu, dawa yake ndiyo haikuwa na wa kuitoa.

Nguruwe na mbwa wakilala kwenye vumbi la madarasa yasiyo na sakafu, tazama miguu ya watoto. Funza huzaana hapo. Watu wa Busoga, mashariki mwa Uganda, wanakumbuka vizuri mlipuko wa funza wa mwaka 2010. Sakafu ya saruji ndiyo dawa. Kama fedha hakuna, nyunyizia maji na ufagie kila siku, na wanyama wasilale humo.

Mzoga ni habari nyingine. Ng'ombe, mbuzi au kiboko aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, huenda ana kimeta, ugonjwa uliowaua viboko wengi hapa Queen Elizabeth mwaka 2004. Asichunwe, asipasuliwe, asiliwe. Weka mtu mzima alinde mbali, watoto wapite upande mwingine, afisa mifugo aitwe. Nyama ya bure ina miguu mirefu, kwa hiyo siku hiyo waambie pia wapishi kwamba nyama yoyote inayoletwa getini kwa bei ya kutupa irudi ilikotoka.

Wanyama wa shule yenyewe

Sungura na kuku wa somo la kilimo hawana makuu. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuwashika, banda liwe mbali na jiko, na mtoto mwenye mabaka ya duara yanayowasha apelekwe kupimwa choa. Maziwa ya ng'ombe wa shule yachemshwe, hata kama mwalimu wa zamu anadai mabichi yana ladha.

Kinachowashinda wengi ni likizo. Muhula wa kwanza tuliofuga sungura, kila mtu alidhani fulani atawalisha. Tuliporudi, banda lilikuwa limefukuliwa na mbwa, tukaanza upya kuhesabu mbwa kwenye daftari. Sasa wiki moja kabla ya kufunga shule tunaandika jina la mlishaji na simu yake kwenye mlango wa banda. Jina lisipopatikana kufikia Jumatano, sungura wanagawiwa nyumbani kwa wanafunzi, kila mmoja na kisanduku chake.